Sweta ya Kijani Kwenye Msumari

"Na ile ya kijani utaifumua lini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomuuliza Mama Titus swali hilo, mwaka wa 1993. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba yake, hapa mtaani Shieywe, akifumua sweta kuukuu ya mtumba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ananunua sweta zilizochakaa sokoni, anazifumua, anaosha uzi, anauning'iniza na jiwe chini ili unyooke, halafu anafuma sweta mpya za shule. Nusu ya darasa letu tulivaa nguo ambazo zamani zilikuwa za wazungu tusiowajua, na hatukujali, kwa sababu sweta ya Mama Titus haikuchanika hata ikivutwa na watu wawili.

Kila sweta iliyoingia kwake ilifumuliwa, isipokuwa moja. Ilikuwa ya kijani, ya mwanamume, pana kifuani, na ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, safi kama ya dukani. Nilipouliza, aliukata uzi kwa meno.

"Nenda umwambie mama yako maji ya mfereji yamerudi," akasema.

Iliniuma, maana mimi nikiuliza kitu napenda kujibiwa. Baba yangu, Kiprotich, ambaye ni askari wa msitu kule Isecheno, husema nilizaliwa kidole kimenyooshwa. Sisi ni Wanandi na Mama Titus ni Mluhya aliyezaliwa Lugari, kwa hiyo yote aliyotuambia alituambia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hakuwa mtu wa maneno mengi. Jina lake kamili ni Phoebe Navalayo.

Wakati huo mwanawe Titus alikuwa hai. Alikuwa na miaka minane, na uso wake ulikuwa na madoa mengi kama manyoya ya kanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Midomo ilikuwa na kidonda kisichopona. Mchana kutwa alikaa ndani, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Jua likishuka nyuma ya mikaratusi ndipo alipotoka kucheza bano, yaani gololi, na sisi, na alitushinda wote.

"Mimi ni popo," alisemanga. "Popo haoni jua, lakini anaona bano zako vizuri."

Alifariki mwaka uliofuata. Mazishi hayakufanyika kwa baba yake, kama inavyotakiwa. Watu wa baba yake walikataa maiti. Alizikwa Lugari kwa mjomba wake, pembeni mwa shamba la mahindi, mtoto wa kiume kwenye ardhi ya watu wa mama. Kwa jirani zetu hapa hilo si jambo dogo. Ni kama kusema mtoto huyo hakuwa na kwao.

Wiki hiyo ndipo Mama Titus alipomsimulia mama yangu kila kitu. Mimi nilikuwa naosha sahani ile moja kwa nusu saa nzima ili nisifukuzwe.

Aliolewa upande wa Butere mwaka wa 1984, na mkulima wa miwa aitwaye Chrispinus. Sweta ya kijani alimfumia mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, akiwa na mimba ya Titus, baba mkwe alifariki. Maiti ilipokuwa uani ikisubiri kuzikwa, Mama Titus aliketi na wanawake wengine wakiomboleza, na mikono yake, kwa mazoea tu, ikatoa sindano ikaanza kufuma kofia ya mtoto. Mama mkwe wake, Dorika, alimwona. Hakusema kitu siku hiyo.

Alisema miaka mitatu baadaye. Titus alikuwa ameanza kutoka madoa na kulia kila akipelekwa shambani. Dorika aliwaita watu wa nyumba akasema katika ukoo wao hakuna mtoto aliyewahi kuogopa jua. Akasema mwanamke huyu alishika sindano marehemu akiwa uani, na kwa sindano hizo alimfumia mtoto jua mwilini. Aondoke nalo.

"Na Chrispinus?" mama yangu aliuliza.

"Chrispinus aliangalia viatu vyake. Viatu vilikuwa vizuri, mimi ndiye niliyevipiga rangi."

Aliondoka siku hiyo hiyo. Sweta ya kijani ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Aliacha nguo zake, akaichukua hiyo.

"Sikuichukua kwa sababu nampenda," alimwambia mama. "Niliichukua ili siku nitakayorudi nisirudi mikono mitupu."

Kilichomchoma zaidi ni mdogo wake. Sellah alikuwa ameishi Butere kama yaya wa Titus, akamwona dada yake akifukuzwa, na bado mwaka ule ule Titus alipofariki akaolewa katika boma lile lile, na Bramwel, mdogo wake Chrispinus. Tangu hapo Mama Titus hakulitaja jina la Sellah. Alisema tu "yule".

Sasa nieleze nilivyoingia mimi.

Desemba ya 1997, mvua ya El Niño ikiwa imekataa kukoma, nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Baba alinichukua Isecheno nikae naye wiki moja. Huko kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Umar, aliyekuwa akiwafuata kima msituni akiokota kinyesi chao na kukitia kwenye vichupa. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyosomeshewa. Akacheka, akaniambia ndani ya kile kinyesi kuna DNA, na kwa hiyo DNA atajua kima yupi ni mtoto wa nani. Nikamwambia habari za Titus. Nikamtajia jina refu ambalo daktari wa ngozi kule Kisumu alikuwa amemwandikia Mama Titus kwenye kadi, siku alipomwambia amfiche mtoto jua, ingawa tayari alikuwa amechelewa.

Umar alilijua jina hilo. Aliacha vichupa vyake akanifundisha mpaka chai ikapoa.

Niliporudi Shieywe sikupita hata kwetu. Nilimkuta Mama Titus mlangoni, nikachukua kipande cha uzi wake.

"Mama Titus, huu una nyuzi mbili zilizosokotwa, si ndiyo? Basi ndani ya mwili kila chembe ina uzi wa namna hii. Ndio wenye maagizo yako yote. Pua iwe hivi, mkono uwe hivi."

"Kama karatasi ya mtindo wa kufumia."

"Hasa. Sasa chembe ikitaka kuzaa nyingine lazima maagizo yanakiliwe. Lakini yamesokotwa, hayasomeki. Basi kinakuja kitu kinaitwa helikasi. Ni kimeng'enya, ni kama kifundi kidogo. Kinapita katikati kinazitenganisha zile nyuzi mbili, na kila mmoja unatumika kufumia mwenzake mpya."

"Huyo ni mimi," akasema, bila kuinua macho.

"Subiri. Jua likikuchoma, linaunganisha vitanzi viwili ambavyo havifai kuungana. Kila siku, kwako, kwangu, kwa kila mtu. Sisi hatujui, kwa sababu helikasi zinakimbia pale, zinafungua uzi upande huu na huu wa palipoungua, mkasi unakata kile kipande, halafu kinafumwa kipya kwa kuangalia uzi wa pili ambao ni mzima."

Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Kama tundu la nondo," akasema polepole. "Tundu la nondo huwezi kuliziba juu juu. Lazima ufumue pembeni kwanza mpaka ufike kwenye uzi mzima. Usipofumua, utashona leo na kesho litakuwa kubwa zaidi."

"Umar anasema huo ugonjwa una aina nyingi. Katika aina nyingine ni mkasi ulioharibika, katika nyingine ni helikasi. Ya Titus hakuna aliyepima."

"Alikosa mfumuaji," alisema Mama Titus. Nilijaribu kumkumbusha kwamba hatujui kwa hakika, lakini alikuwa ameshachagua. "Mtoto wangu alichomwa kila siku, na ndani hapakuwa na wa kufumua. Na mimi nimekaa hapa mlangoni nafumua sweta za watu."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini kidole changu kilikuwa bado kimenyooka.

"Na kingine," nikasema. "Maagizo hayo kila mtu anayo mara mbili, nakala moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa nzima, inatosha, hutaugua. Mtoto anaugua akipata mbovu kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo Titus nusu ilitoka kwako, nusu ilitoka kwa baba yake. Na wala hamkujua, wote wawili."

Alinifanya nirudie. Nikarudia. Akaweka sindano chini, akacheka, na sikuipenda hiyo sauti.

"Nusu ya Chrispinus," alisema. "Chemutai, andika. Kwa Kiswahili ambacho hata mpumbavu ataelewa."

Niliandika ukurasa mmoja kwenye karatasi ya daftari la bailojia. Aliukunja akautia ndani ya sweta ya kijani, upande wa moyo, akaupiga pini.

"Sasa unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nangoja mtu afe."

Alimaanisha. Katika mila yao, siku ya tatu baada ya mazishi ndipo wafiwa hunyolewa nywele, na watu huketi uani kila mwenye neno alitoe. Siku nyingine ukienda kulalamika utafukuzwa. Siku ya tatu hakuna wa kukufukuza. Alikuwa akimngoja Dorika.

Pasaka ya 1998 alikuja mchuuzi wa sukari guru kutoka Butere na salamu. Sellah alikuwa na msichana wa miaka miwili, Nabwire. Mtoto ameanza kutoka madoa usoni na analia akitolewa nje. Sellah anaomba dada yake amwambie lile jambo ambalo daktari alisema.

Nilikuwepo. Nilimwona akisikiliza, sindano zikienda.

"Mwambie nimesikia," alimjibu mchuuzi. "Mwambie wangoje."

Mchuuzi alipoondoka nikamwambia, "Mama Titus, si umwambie tu amfunike? Ni maneno mawili."

"Titus wangu alikataliwa hata shimo. Wangoje."

Basi wakangoja. Aprili, Mei, Juni, Julai. Mimi nami nilijua na nikanyamaza, nikajiambia ni mambo ya wakubwa. Kila nilipotoka kwenda shule na jua likanipiga shingoni nilikumbuka kwamba ndani yangu kuna vifundi vinakimbia kufungua uzi, na ndani ya Nabwire pengine hakuna.

Agosti, Dorika akafa.

Siku ya tatu nilikwenda Butere na Mama Titus, kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibiwa na kazi ya kufuma na alihitaji mtu wa kusoma ile karatasi. Tuliketi kwenye mkeka chini ya turubai la buluu lililofungwa uani. Chrispinus alikuwa mbele pamoja na wafiwa, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Niliwahi kumwazia kama jitu. Alikuwa mwembamba, na viatu vyake havikupigwa rangi. Hatua chache kutoka kwetu, pembeni kabisa ya turubai, aliketi Sellah. Nabwire alikuwa mapajani mwake, uso umefichwa kifuani. Nilipoona miguu yake niliyaona yale madoa, nikajua.

Msemaji wa siku alisimama. "Kama kuna mwenye neno na marehemu, au na nyumba hii, aseme leo. Kesho itakuwa fitina."

Mama Titus hakusimama. Alifungua mfuko, akatoa sindano mbili na uzi wa rangi ya damu ya mzee, akaanza kufuma.

Watu walinong'ona kama mvua inayokuja. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Bramwel aliinuka. "Shemeji, hata leo?"

"Leo hasa, shemeji. Mama yenu alisema nilishika sindano baba yenu akiwa uani, nikamfumia mtoto jua. Nimekuja kufuma tena, tuone safari hii nitamfumia nani." Aligeuza mstari. "Lakini naona mmeshapata. Huyo wa kwako hapo, yeye alifumiwa na nani? Mimi sikuwako."

Mama Titus alinigusa kwa goti, nikasimama, nikatoa karatasi kwenye sweta ya kijani, nikasoma. Nilisoma kuhusu uzi, kuhusu wafumuaji, kuhusu nusu ya baba na nusu ya mama. Kisha nikaongeza, bila karatasi, kwamba ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa wameachiwa kasoro ile ile, na dada wawili pia, na ndiyo maana imerudi katika boma hilo hilo.

"Karatasi ya mtoto wa sekondari," alisema Bramwel.

"Na wewe una karatasi gani?" Mama Titus akamuuliza, na wazee wawili wakacheka kabla ya kujizuia. Kisha akamgeukia Chrispinus. "Sitaki ng'ombe. Sitaki pole. Nataka usimame useme, mbele ya hawa waliokuwepo siku ile, kwamba nusu ni yako. Ukisema, nitamwambia yule jinsi ya kumweka mtoto wake hai. Usiposema, nitamaliza huu mkono wa sweta niende zangu."

Chrispinus aliangalia viatu vyake.

Sijui tulikaa muda gani. Mama Titus alifuma. Msemaji alijikuna. Jua lilikuwa likipanda na kivuli cha turubai kilikuwa kikirudi nyuma, kidogo kidogo, na nikaona ukingo wake umefika kwenye kidole cha mguu cha Nabwire. Halafu mguu wote. Mtoto alianza kulia kwa sauti ndogo. Sellah alimfunika macho kwa kiganja, akidhani shida ni macho tu. Jua likapanda kwenye muundi.

"Mama Titus," nikanong'ona, "miguu."

"Nimeona."

Mstari mwingine. Jua likafika magotini. Niliyajua yale maneno mawili na nilikuwa na mdomo, na sikuufungua. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Chrispinus alikuwa bado na viatu vyake. Mama Titus alikuwa akimtazama yeye, si mtoto, na mikono ikienda.

Ndipo kitanzi kikamponyoka. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akipoteza kitanzi. Alikiangalia kikishuka mstari, na mwingine, na mwingine. Akatupa sindano. Aliinuka na ile sweta ya kijani, akamnyakua Nabwire mapajani mwa Sellah, akamzungushia kuanzia utosini hadi nyayoni, akambeba hadi katikati ya kivuli na kumweka miguuni pa Chrispinus.

"Usidhani nimekusamehe," alimwambia. "Huyu simfuniki kwa ajili yako."

Kisha akamgeukia mdogo wake, na alizungumza kama anayemtukana. "Ni jua, Sellah. Si macho, si sindano. Ni jua. Mikono mirefu, soksi, kofia ya kufika mabegani. Dirisha lizibwe. Acheze jioni. Akitoka kidonda kisichopona wiki mbili, unampeleka hospitali siku hiyo, sio kwa mwombezi. Umesikia? Na usinilie hapa."

Sellah alikuwa analia. Nilisikia Mama Titus amemwita kwa jina.

Chrispinus alikuwa akiitazama sweta. Nadhani aliitambua, maana aliugusa ukosi wake kwa kidole.

"Nusu ni yangu," akasema.

"Sikusikia."

"Nusu ni yangu. Nusu ya ugonjwa wa Titus ilitoka kwangu."

"Kina mama wa nyuma hawajasikia."

Alisema mara ya tatu, amesimama, sauti imekatika katikati. Mama Titus alimsikiliza huku ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyosikiliza cherehani ya jirani kujua ina kasoro wapi. Halafu akamwambia msemaji aandike jina la Titus kwenye orodha ya wajukuu wa marehemu, maana tulisikia siku ya mazishi lilirukwa. Msemaji akaomba kalamu yangu.

Tulitoka bila kunywa chai. Tulipita kando ya reli, yeye mbele na mimi nyuma, mfuko wake ukiwa mwepesi. Nilimwona akinyoosha vidole na kuvikunja. Karibu na stesheni sikuweza kuvumilia.

"Basi ile ya kijani umewaachia?"

Hakugeuka.

"Uliniuliza ukiwa mdogo nitaifumua lini," alisema. "Nitaifumua kila mwaka. Mtoto hukua. Kila Desemba itabidi ifumuliwe na kufumwa upya, na kofia na glavu, kwa sindano nyembamba, mwanga usipenye. Na ni Chrispinus atakayeileta, si Sellah, nimeshamwambia. Ataileta mkononi mpaka mlangoni pangu Shieywe, na kabla sijaipokea ataniambia ni ya nini."